Maimonides na Njia ya Kurudi

Wakristu wengi hudhani kwamba Wayahudi, tangu Hekalu la Yerusalemu lilipochomwa na Warumi mwaka 70, walibaki bila njia ya kuondolewa dhambi. Ni kweli sadaka zilikoma, na yule mbuzi wa Siku ya Upatanisho hakupelekwa tena jangwani. Lakini taifa hilo halikuacha kutubu. Miongoni mwa walioieleza toba hiyo kwa utaratibu, anayejulikana sana ni Musa mwana wa Maimon, ambaye ulimwengu humwita Maimonides. Twapenda kusimulia habari zake, kwa kuwa zagusa jambo ambalo sisi wenyewe twalipuuza mara nyingi tuendapo kuungama.

Alizaliwa Cordoba, katika nchi ya Hispania, mwaka 1138. Baba yake alikuwa hakimu wa Wayahudi wa mji ule. Mwaka 1148 mji ukatwaliwa na watawala wa Almohad kutoka Moroko, nao wakauondoa ulinzi ambao Wayahudi na Wakristu walikuwa wameuzoea chini ya Waislamu waliotawala kwanza. Wakawa hawana budi kuchagua: kusilimu, kuhama, au kufa. Jamaa ya Maimon ikatangatanga miaka mingi, hata ikafika Fez, Moroko, karibu na mwaka 1160.

Siku zile Wayahudi wengi walikiri kwa midomo dini wasiyoisadiki, na nyumbani wakasali kwa siri. Mwalimu mmoja wa Wayahudi akatoa hukumu kwamba watu hao wamekwisha potea, na kwamba sala zao hazina thawabu. Waraka ambao tangu kale huhesabiwa kuwa wa Maimonides ulimpinga vikali. Ulieleza kwamba aliyelazimishwa kwa upanga si sawa na aliyeasi kwa hiari yake, na kwamba kila tendo jema alitendalo lina thawabu kwa Mungu. Hata hivyo haukuwaacha wastarehe. Uliwataka wahame, hata kwa kuacha nyumba na mali, waende mahali wawezapo kumwabudu Mungu waziwazi. Mlango wa kurudi ulikuwa wazi, lakini kila mmoja alipaswa kuufuata kwa miguu yake mwenyewe.

Yeye naye alihama mwaka 1165, akapita katika Nchi Takatifu, kisha akakaa Fustat, karibu na Kairo. Hapo msiba mkubwa ukampata. Ndugu yake David, mfanyabiashara aliyeitunza jamaa yote, alizama katika Bahari ya Hindi pamoja na mali yao, na Maimonides akalala mgonjwa karibu mwaka mzima. Alipopona alijipatia riziki kwa utabibu, akamtibu waziri wa Sultani Saladin, na baadaye mwana wa Saladin mwenyewe. Chini ya watawala hao Waislamu alipata amani na heshima.

Karibu na mwaka 1178 alimaliza kitabu chake kikubwa cha sheria, Mishneh Torah, chenye sehemu 14. Katika sehemu ya kwanza aliweka sura 10 juu ya toba. Kwa Kiebrania toba huitwa teshuva, maana yake kurudi. Na neno letu toba, lililotujia kwa njia ya Kiarabu, ni la ukoo huohuo.

Alifundisha kwamba hakuna mtu aliyeandikiwa kuwa mwovu. Kila mmoja ana hiari, na kwa sababu hiyo kila mmoja aweza kurudi. Kwa kuwa Hekalu halipo, toba ndiyo iliyobaki: mtu aache dhambi, ajute, aazimie kutoirudia, kisha aitamke mbele ya Mungu. Aungamaye bila nia ya kuacha alimfananisha na mtu ajitakasaye majini huku ameshika mkononi mnyama mtambaaye aliye najisi. Na toba kamili huonekana pale mtu akutanapo tena na nafasi ileile, nguvu zake zikiwa bado zipo, naye asitende, kwa kuwa ametubu.

Fundisho lake kali kuliko yote lahusu jirani. Siku ya Upatanisho, pamoja na kufunga kwake kote, haiondoi kosa alilotendewa mtu, mpaka mkosaji amrudishie haki yake na kumwomba radhi. Akikataliwa, amwendee tena pamoja na rafiki watatu, hata mara tatu. Ikiwa aliyekosewa amekwisha kufa, mkosaji aende kaburini na watu kumi, aungame hapo, na deni lilipwe kwa warithi. Aliyekosewa naye akatazwa ukatili. Aombwapo kwa moyo, asamehe. Tena ni marufuku kumsuta aliyetubu kwa dhambi zake za zamani.

Sisi Wakatoliki twasadiki kwamba Kristu aliwapa Mitume uwezo wa kuondoa dhambi, na hapo hatufuatani na mwalimu huyu. Lakini maondoleo ya padre hayamrudishii jirani ng'ombe wake aliyeibwa. Kanisa lafundisha kwamba kilichoibwa kirudishwe, na jina lililochafuliwa lisafishwe. Bwana Wetu mwenyewe aliagiza tuiache sadaka mbele ya altare, tukapatane kwanza na ndugu. Hata hivyo kila Kwaresima watu hupiga magoti kitubioni, na mpaka wa shamba waliousogeza usiku wabaki palepale. Mjane amefukuzwa katika nyumba ya marehemu mumewe, na mashemeji waliomfukuza wapokea Komunyo bila haya.

Maimonides alifariki Fustat tarehe 13 Desemba 1204. Mtakatifu Thomas wa Akwino alimsoma, akamtaja katika vitabu vyake kwa jina la Rabi Musa. Na tarehe 28 Oktoba 1965 Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulitutaka tufahamiane na Wayahudi na kuheshimiana nao. Heshima hiyo haitakuwa ya maneno matupu ikiwa tutakubali kujifunza kwao.

Basi, kabla hatujaenda kuungama tena, yatupasa tujiulize ni mlango wa nani tunaouepuka. Twende huko kwanza, tukiwa na jiwe la mpaka mkononi, au fedha, au ufunguo wa nyumba ya mjane. Kisha twende kitubioni.