Siti binti Saad: Sauti Iliyotoka Fumba

Yapata mwaka wa 1880, katika kijiji cha Fumba kisiwani Unguja, alizaliwa mtoto wa kike akapewa jina la Mtumwa. Jina hilo halikuwa pambo. Liliitangaza hali ya kizazi chake, baba Mnyamwezi na mama Mzigua, katika zama ambapo utumwa ulikuwa bado halali kisiwani humo. Sheria ya kuukomesha ilitoka mwaka wa 1897. Kwa mamaye alirithi ufinyanzi, na inasimuliwa kwamba alipokuwa akivitembeza vyungu vyake, wateja waliitambua sauti kabla ya kumwona mwenyewe.

Mwaka wa 1911 alihamia mjini. Huko alikutana na Ali Muhsin, mwanachama wa Nadi Ikhwan Safaa, kikundi cha taarab kilichoasisiwa mwaka wa 1905, ambaye alimfunza uimbaji na namna ya kuandamana na ala. Ikumbukwe kwamba taarab ya wakati huo ilikuwa burudani ya kasri na mabwanyenye, ikiimbwa na wanaume kwa Kiarabu. Mswahili wa kawaida aliweza kuipenda, lakini aghalabu aliipenda bila kuielewa. Siti (kwa maana bibi mwenye heshima, jina alilopata baada ya kuanza kuimba) aliuvunja ukuta huo kwa kuimba Kiswahili, lugha ya mitaa ya Ng'ambo alikokuwa akiishi.

Si wote waliompokea. Mahasidi walimtungia nyimbo za kumbeza kwa ufinyanzi wake, nasaba yake na hata sura yake. Naye aliwajibu kwa wimbo, na kwa hakika jibu ndilo lililodumu.

Mwaka wa 1928 Siti na wenzake, akiwemo mpiga udi Mbaruk Effandi, walivuka bahari hadi Bombay, India, kurekodi santuri kwa kampuni ya His Master's Voice. Safari hii ndiyo iliyowapa watu wa mwambao fursa ya kumvumbua. Mtu ambaye asingekaribishwa katika kasri lolote sasa aliweza kuketi mkahawani, gramafoni ikazungushwa, akasikia lugha yake mwenyewe ikitoka ndani ya kasha.

Na alisikia nini? Si mapenzi pekee. Wimbo maarufu wa Kijiti unahusu mwanamke mgeni kutoka Dar es Salaam aliyeuawa Unguja. Mshukiwa alitorokea bara, ilhali wanawake waliotoa ushahidi ndio waliotiwa gerezani. Mahakama ilikuwa imekwisha kuifunga kesi. Santuri ikaifungua upya kila ilipochezwa. Hapa ndipo ulipo ukubwa wa msanii huyu, wala si katika uzuri wa koo tu, kama wengi wapendavyo kusema. Wasikilizaji walimpenda kwa kuwa aliyasema yaliyowakera wasiokuwa na pa kuyasemea.

Miezi michache kabla ya kifo chake, Shaaban Robert alifika kwake akayasikiliza masimulizi ya maisha yake, ambayo baadaye yalizaa Wasifu wa Siti binti Saad. Alifariki tarehe 8 Julai 1950. Chama cha wanahabari wanawake wa Tanzania, TAMWA, kilipoanzisha jarida lake mwaka wa 1988, kiliita Sauti ya Siti.