Simon Kimbangu, mfungwa wa Élisabethville

Watoto wa mtaa wetu hapa Lubumbashi walimwita mama ya baba zao kambo. Sisi nyumbani tulisema nkaka. Kwa miaka mingi nilidhani ni jina lake tu, kama vile mtu mwingine anavyoitwa Mama Jeanne. Nilijua ukweli nikiwa mwaka wa pili, siku tuliyopewa kazi ya kulinganisha majina ya ukoo katika lugha za Kibantu. Katika safu ya Kikongo, mbele ya babu na nyanya, limeandikwa: nkaka. Nilibaki na kalamu mkononi. Nyumbani hakuna anayesema Kikongo. Baba yangu hakijui, na Nkaka mwenyewe alisali na kugombeza kwa Kiswahili.

Nilipomuuliza, alinieleza kwa maneno machache kwamba baba yake alitolewa Bas-Congo na Bulamatari, akapelekwa Lowa, kwenye mto, kati ya Ubundu na Kindu, na kwamba yeye alizaliwa huko. Kosa la baba yake lilikuwa moja: alikuwa mtu wa Kimbangu. Hapo ndipo nilipoanza kumsoma Kimbangu. Sikumsoma kama mwamini. Mambo ya imani nawaachia wenye kuyajua. Nilitaka kuelewa jinsi karatasi chache zilizotiwa saini Thysville na Boma zilivyoamua lugha nitakayoizungumza mimi.

Simon Kimbangu alizaliwa mwaka 1887 katika kijiji cha Nkamba, miaka 2 baada ya Leopold wa Pili kujipatia Kongo kuwa mali yake. Utoto wake wote ulipita chini ya serikali ile. Reli ya Matadi hadi Léopoldville ilijengwa kati ya 1890 na 1898, ikapita katika nchi ya Wakongo, na mji wa Thysville ukakua kandokando yake, umepewa jina la yule aliyeisimamia reli, Albert Thys. Wanaume walichukuliwa kubeba mizigo na kuvunja mawe. Neno Bulamatari lenyewe latoka huko. Ni Kikongo, bula matadi, mvunja mawe, jina alilopewa Stanley, kisha likawa jina la serikali nzima. Likapanda mto, likaingia katika lugha nyingine, na sisi wa Kiswahili tukaigeuza d kuwa r. Wazee wa Katanga wakisema Bulamatari hawamfikirii tena Stanley. Wanafikiri kodi, fimbo na askari.

Kimbangu alisoma kwa wamisionari Wabaptisti wa Ngombe-Lutete, akabatizwa mwaka 1915 pamoja na mke wake, Marie Muilu, akawa mwalimu wa dini kijijini. Walizaa watoto 3, wote wavulana: Kisolokele, Dialungana na Diangienda. Mwaka 1918 ukaja ugonjwa wa mafua ule ulioua watu dunia nzima, na Bas-Congo ilikuwa tayari imechoshwa na ugonjwa wa usingizi. Kwa mujibu wa masimulizi ya wafuasi wake, wakati huo ndipo alipoanza kusikia sauti ikimwita, naye akaikimbia hadi Kinshasa kutafuta kazi. Akarudi.

Tarehe 6 Aprili 1921 alimwekea mikono mwanamke mgonjwa katika kijiji cha Ngombe-Kinsuka, na habari zikaenea kwamba amepona. Katika wiki chache Nkamba ilijaa watu. Waliacha mashamba na kazi za Wazungu, wengine wakatoka hospitali za misioni. Ukisoma alichowafundisha, hukuti neno la vita. Aliwaambia wachome sanamu za uganga, waache ndoa ya wake wengi na ngoma za usiku. Ni mambo ambayo wamisionari walikuwa wakiyahubiri kwa miaka 40 bila kusikilizwa sana. Tofauti ni kwamba sasa aliyesema alikuwa Mkongo, tena hakuomba ruhusa.

Hiyo ruhusa ndiyo kiini cha habari yote. Mtawala wa eneo, Léon Morel, alikwenda Nkamba mwezi wa Mei kuona kwa macho yake. Kimbangu hakumpokea kama mtawala alivyozoea kupokelewa. Alisoma mbele yake, kutoka Biblia, habari za Daudi na Goliati. Sijui kama kuna mhubiri aliyewahi kuchagua sura kwa ujasiri zaidi, au kwa hatari zaidi. Morel alirudi akiwa ameshaamua. Wafanyabiashara walilalamika kwamba wafanyakazi wamepotea, na wapadri Wakatoliki walidai mkono mgumu. Tarehe 6 Juni askari walikuja kumkamata, kukawa na ghasia na risasi, naye akaponyoka katikati ya umati.

Alijificha miezi 3 vijijini, na hakuna aliyemtoa. Mwezi wa Agosti serikali ikaiweka Thysville chini ya amri ya kijeshi. Tafadhali msomaji, usiipite hatua hiyo haraka. Katika hali ya kawaida Kimbangu angepelekwa mbele ya hakimu wa kiraia. Kwa saini moja tu kesi yake ikawa ya baraza la vita, mahali ambapo mshtakiwa wa namna yake hakupewa mtetezi wala nafasi ya kukata rufaa. Mwezi wa Septemba alirudi Nkamba mwenyewe, akajitoa mikononi mwa askari.

Rais wa baraza alikuwa Komanda Amédée De Rossi. Kama mwanafunzi wa lugha, mahojiano ya kesi ile yalinishika kuliko kitu kingine chochote, maana mtu alihukumiwa juu ya maana ya maneno. Maneno yenyewe ni mawili, ngunza na mvuluzi. Ngunza ni nabii, na wamisionari wenyewe walilitumia walipotafsiri Biblia kwa Kikongo. Mvuluzi ni mwokozi. Baraza lilimuuliza Kimbangu kama yeye ndiye mvuluzi. Akakana, akasema mvuluzi ni Yesu, na yeye ametumwa tu kuhubiri. Kwa msemaji wa Kikongo aliyelelewa misioni jibu hilo ni wazi kama maji. Lakini masikioni mwa wanajeshi, mwokozi ni mtu anayekuja kuwaokoa watu mikononi mwa fulani, na katika Kongo ya 1921 fulani huyo hakuwa na haja ya kutajwa. Wamisionari walileta neno kutoka Biblia, Wakongo wakalipokea, serikali ikalisoma upya kwa hofu yake. Sidhani walikosea kabisa. Watu waliokuwa Nkamba walikuwa na vitu vingi vya kuokolewa navyo. Ila kosa la kutafsiri, au tafsiri sahihi kupita kiasi, halipaswi kumpeleka mtu kitanzini.

Tarehe 3 Oktoba 1921 alihukumiwa viboko 120 na kifo, kwa kuhatarisha usalama wa dola. Wabaptisti waliomba ahurumiwe, na mwezi wa Novemba Mfalme Albert wa Kwanza aligeuza kifo kuwa kifungo cha maisha. Ndivyo alivyoletwa kwetu Élisabethville, zaidi ya kilometa 1,500 kutoka kwao, mahali ambapo hakuna aliyejua lugha yake isipokuwa wahamiaji wachache. Alikaa gerezani miaka 30, akafa tarehe 12 Oktoba 1951. Kuhubiri kwake kulichukua miezi 5, mitatu kati yake mafichoni. Kuhusu ile miaka 30 sina mengi ya kusimulia, kwani gereza ndiyo kazi yake, kufanya maisha ya mtu yasiwe na cha kusimuliwa.

Waliobaki nje hawakuachwa. Tangu 1910 kulikuwa na sheria iliyompa mtawala uwezo wa kumhamisha mwenyeji na kumkalisha kwa nguvu mahali pengine, bila kesi, kama kukaa kwake kulidhaniwa kuwa kunasumbua utulivu. Waliita relegasyo. Haikuitwa adhabu, ilikuwa hatua ya utawala tu, na kwa sababu hiyo haikuwa na tarehe ya mwisho. Watu wa Kimbangu walitawanywa nchi nzima: Lowa, Ekafera huko Équateur, Kasaji hapa kwetu Katanga. Kanisa linahesabu familia 37,000. Wanahistoria wengine wanaona hesabu hiyo ni kubwa mno. Mimi naweza kuihakikisha familia moja.

Serikali ilitaka kuuzima moto kwa kutupa makaa mbalimbali, na kila mjinga wa kijijini angeweza kuwaambia kitatokea nini. Waliohamishwa walikwenda na nyimbo zao na sala zao, na majirani wapya wakasikia. Jambo lisilosemwa sana ni upande mwingine wa biashara hiyo. Mtoto aliyezaliwa Lowa alihitaji Kiswahili ili acheze, auze samaki, ajibu askari. Nkaka aliniambia kwamba wazazi wake walisema Kikongo chumbani, mlango umefungwa, kwa sababu lugha hiyo mbele ya mlinzi ilikuwa kama kukiri. Yeye akabaki na nyimbo tu. Aliziimba mpaka uzeeni, kila neno mahali pake, na nilipomwomba anitafsirie alicheka, akasema wimbo hautafsiriwi, unaimbwa. Nilimrekodi kwa simu. Niliposikiliza tena nilikuta kwamba toni za Kikongo zimekwisha, kaziweka silabi zote katika mwendo wa Kiswahili. Maneno aliyoyatumia akijua maana yake yalikuwa machache sana: nkaka, tata, na matondo, yaani asante.

Nkamba, Marie Muilu aliendelea kuishi chini ya macho ya watawala, huku akiliongoza kundi kwa siri. Mwana mkubwa, Kisolokele, alikamatwa akiwa mtoto mdogo, akapelekwa katika shule ya serikali Boma. Huyo huyo alikuja kuwa waziri katika serikali ya Lumumba mwaka 1960. Diangienda aliandika barua za utawala ule ule akiwa karani wake, baadaye akawa kiongozi wa Kanisa. Mama yao alifariki tarehe 27 Aprili 1959. Serikali ya kikoloni ililitambua Kanisa tarehe 24 Desemba mwaka huo huo. Miezi 8! Mwaka uliofuata mwili wa Kimbangu ulitolewa Élisabethville, ukarudi Nkamba.

Mwisho wa 1971 Mobutu alipotoa sheria ya kupunguza makanisa, Wakimbangu walihesabiwa pamoja na Wakatoliki na Waprotestanti, na vikundi vingi vidogo vya ngunza, vilivyoteswa pamoja nao zamani, vikajikuta nje ya sheria. Walio ndani hawakupiga kelele nyingi juu ya walio nje, na nadhani ni haki kuliandika hilo pia.

Baba ya Nkaka hakurudi Bas-Congo. Ruhusa ilipokuja alikuwa na shamba, wajukuu na makaburi mawili Lowa. Watoto wake ndio waliohama, kwa mashua hadi Kindu, kwa treni hadi huku, kwa sababu kazi ilikuwa huku.

Mwanzoni mwa 2023 nilihitaji cheti cha uraia kwa ajili ya dosye ya masomo. Fomu inauliza jimbo la asili, territware, sekta na kijiji. Niliandika Kongo-Central, Mbanza-Ngungu, ambayo ndiyo Thysville ya zamani. Karani alitazama jina langu, akanitazama mimi, akaniambia nimsalimie kwa Kikongo. Nilijua kanuni za ngeli za Kikongo kuliko yeye, naamini, lakini salamu haikutoka. Nilisema matondo. Akacheka, akaniambia mtu wa Mbanza-Ngungu hasemi hivyo akiingia, anasema hivyo akitoka. Alitaka karatasi ya kuonyesha jinsi familia yangu ilivyofika Katanga. Nilimweleza kwamba karatasi hiyo, kama ipo, aliiandika mtawala Mbelgiji ambaye hakutuachia nakala. Akasema nirudi na mjomba au mzee yeyote wa kutoa ushahidi.

Ilinichukua wiki kadhaa kumpata mzee anayekubali kupanga mstari. Tulifika asubuhi na mapema, Alhamisi, tarehe 6 Aprili. Lango lilikuwa na kufuli. Mlinzi alitoka na redio yake, akatuambia ofisi zote za serikali hazifanyi kazi leo, ni sikukuu mpya, ya Kimbangu.