Fausto Coppi: kijana mpeleka nyama aliyekuwa bingwa wa dunia, akauawa na malaria

Asubuhi ya tarehe 2 mwezi wa kwanza 1960, katika hospitali ya Tortona, kaskazini mwa Italia, alikufa mwendesha baiskeli aliyejulikana kuliko wote wa wakati wake. Fausto Coppi alikuwa na miaka 40. Kilichomuua ni malaria, ugonjwa ambao wasomaji wengi wa ukurasa huu wanaujua tangu utotoni, lakini waliomtibu hawakuutambua.

Coppi alizaliwa tarehe 15 mwezi wa tisa 1919 katika Castellania, kijiji kidogo cha wakulima juu ya vilima vya Tortona, jimbo la Piemonte. Chini ya vilima hivyo unapita mto Scrivia, ukishuka polepole kuelekea mto mkubwa wa Po. Nchi hiyo ni ya mizabibu, mashamba ya ngano na njia nyembamba zinazopanda na kushuka kati ya vijiji. Wazazi wake, Domenico na Angiolina, walikuwa na watoto watano, na shamba lao halikuwatosha wote. Fausto alikuwa mwembamba, mwenye miguu mirefu na kifua kikubwa, na shule haikumvutia sana.

Akiwa na miaka 13 aliacha masomo akaenda kufanya kazi katika duka la nyama mjini Novi Ligure, umbali wa kilometa kama 20 kutoka nyumbani. Kazi yake ilikuwa kupeleka nyama na soseji kwa wateja, mlango kwa mlango, juu ya baiskeli. Alipotaka kurudi kijijini, ilimbidi kupanda tena vilima vyote kwa nguvu za miguu. Ni mazoezi ambayo hakuna kocha aliyempangia. Mjomba wake, baharia aliyeitwa Fausto kama yeye, alisaidia kutoa pesa ili kijana anunue baiskeli ya kweli ya mashindano.

Mji wa Novi Ligure ulikuwa tayari na historia yake katika mchezo huo, kwa sababu bingwa Costante Girardengo alitoka hapo. Mtu aliyekuwa akimkanda misuli Girardengo, Biagio Cavanna, aliishi hapo pia. Alikuwa amepoteza uwezo wa kuona, hivyo aliwapima wanamichezo kwa mikono: akigusa mapaja, akisikiliza moyo na pumzi. Kijana wa duka la nyama alipopita mikononi mwake, Cavanna alitambua kwamba moyo ule ulipiga polepole kuliko wa watu wengine. Alimfundisha kula, kulala na kupumzika kama mtu mwenye kazi moja tu duniani. Vijana wengine waliolelewa na kipofu huyo ndio baadaye walimsindikiza Coppi katika mashindano, wakimkinga upepo na kumletea maji.

Mwaka 1940 timu ya Legnano ilimchukua ili amsaidie Gino Bartali, aliyekuwa bingwa wa Italia yote. Bartali alianguka mwanzoni mwa Giro d'Italia, na msaidizi akashinda. Coppi alikuwa na miaka 20, na mpaka leo hakuna aliyeshinda Giro akiwa na umri mdogo zaidi. Mashindano yalimalizika tarehe 9 mwezi wa sita. Kesho yake Mussolini akaiingiza Italia vitani.

Vita vilimnyima miaka ambayo mwanamichezo huwa na nguvu nyingi zaidi. Mwaka 1942, mjini Milano, alivunja rekodi ya dunia ya mwendo wa saa moja kwa kupita kilometa 45, rekodi iliyodumu mpaka 1956. Miezi michache baadaye akapelekwa kupigana Afrika ya kaskazini, na mwaka 1943 Waingereza walimteka huko Tunisia. Alirudi Italia mwaka 1945. Barabara zilikuwa zimeharibiwa na madaraja yamevunjwa, na sehemu ya safari ya kurudi kwao aliifanya kwa baiskeli.

Katika mbio za Milan-San Remo za 1946, zile za kwanza baada ya vita kwisha, aliwaacha wenzake mapema na kufika mwisho peke yake, akiwa na dakika 14 mbele ya mtu wa pili. Kwa watu waliokuwa bado wanakula kwa kipimo, ushindi ule ulikuwa zaidi ya michezo.

Kilele kilikuwa 1949. Katika Giro ya mwaka huo, kati ya Cuneo na Pinerolo, alikimbia peke yake kilometa 192 akivuka milima mitano, na Bartali akaja wa pili karibu dakika 12 baadaye. Mwaka huohuo alishinda pia Tour de France. Kabla yake hakuna aliyewahi kushinda zote mbili katika mwaka mmoja, na yeye alirudia tendo hilo mwaka 1952, safari hiyo akimzidi aliyemfuata kwa zaidi ya dakika 28. Kwa jumla alichukua Giro tano, Tour mbili, na mwaka 1953 ubingwa wa dunia. Waitalia waligawanyika: huyu wa Bartali, yule wa Coppi. Picha moja maarufu ya 1952 inaonyesha wawili hao wakipeana chupa ya maji mlimani, na watu wanabishana hadi leo nani alimpa mwenzake.

Lakini maisha yake hayakuwa ya ushindi tu. Serse, mdogo wake, alikuwa mkimbiaji pia, mcheshi pale Fausto alipokuwa mkimya. Mwezi wa sita 1951 Serse alianguka mjini Torino, karibu na mwisho wa mbio za Piemonte. Aliinuka, akafika mwisho, akarudi hotelini bila kulalamika sana. Siku hiyohiyo hali ikabadilika, akafa kwa jeraha la ndani ya kichwa. Fausto alitaka kuacha mchezo. Siku chache baadaye alianza Tour de France kwa sababu mikataba ilimlazimisha, na siku moja njiani kuelekea Montpellier nguvu zilimwishia kabisa.

Kisha ikaja habari ya Giulia Occhini, mke wa daktari mmoja aliyekuwa mshabiki wake. Coppi pia alikuwa na mke na binti. Italia ya wakati ule haikuwa na sheria ya talaka, na uzinzi ulikuwa kosa la jinai. Polisi waliwavamia usiku, Giulia akalala gerezani siku kadhaa, na 1955 mahakama iliwapa wote wawili vifungo vya miezi michache vilivyosimamishwa. Papa Pius XII mwenyewe alimtaka Coppi arudi kwa mke wake. Mtoto wao, Faustino, alizaliwa Argentina ili aweze kubeba jina la baba yake. Hapo mwanamke ndiye aliyelipa zaidi: magazeti yalimbandika jina la Bibi Mweupe kwa sababu ya koti lake, na likambakia.

Mwezi wa 12 1959, miguu ikiwa imechoka, Coppi alikubali mwaliko wa kwenda Haute-Volta, nchi inayoitwa leo Burkina Faso. Yeye na mabingwa wa Ufaransa, akiwemo Jacques Anquetil, walikimbia mbio za maonyesho mjini Ouagadougou, kisha wakaenda kuwinda. Usiku alilala chumba kimoja na rafiki yake Raphaël Géminiani, kati ya mbu wengi.

Baada ya Krismasi wote wawili walishikwa na homa kali. Ufaransa, damu ya Géminiani ilipimwa, wadudu wa malaria wakaonekana, akapewa kinini. Alikuwa amezimia, lakini akapona, na akaishi mpaka 2024, akiwa na miaka 99. Italia, ambako malaria ilikuwa imetokomezwa baada ya vita, madaktari walitibu mapafu. Kwa maelezo ya Géminiani, familia yake ilipiga simu kuonya, na onyo halikusikilizwa. Kipimo kimoja cha damu kingetosha.

Mwaka 2002 uvumi ulizuka kwamba Coppi alilishwa sumu Afrika. Waendesha mashtaka waliuchunguza, kisha faili ikafungwa.

Maelfu ya watu walipanda kilima siku ya mazishi. Mwaka 2019, miaka 100 tangu azaliwe, kijiji kilibadilishwa jina rasmi kikaitwa Castellania Coppi. Kina wakaaji wasiofika 100. Waendesha baiskeli wanaotoka bonde la Scrivia wanapanda zile njia alizopita na nyama begani, na juu wanakuta kaburi la Fausto, na Serse pembeni yake.