Arcangelo Corelli (1653–1713): Mtunzi wa Trio Sonata

Mtahiniwa, ukifika mada ya muziki wa Baroki, jina hili usilipite haraka. Arcangelo Corelli alizaliwa tarehe 17 Februari 1653 huko Fusignano, Italia. Baba yake alikuwa amefariki wiki chache kabla, hivyo alilelewa na mama. Alisomea fidla Bologna, na mwaka 1670, akiwa na miaka 17 tu, alipokelewa katika chama cha wanamuziki cha mji huo. Baadaye alihamia Roma, ambako wafadhili wake walikuwa Christina, aliyewahi kuwa Malkia wa Sweden, na makadinali Pamphili na Ottoboni.

Kati ya 1681 na 1694 alichapisha vitabu vinne vya trio sonata, kila kimoja kikiwa na sonata 12. Kitabu cha kwanza na cha tatu ni sonata za kanisani. Cha pili na cha nne ni za chumbani, zenye midundo ya kuchezeka.

Trio sonata ni nini? Kama unaishi Tukuyu, ikumbuke kwaya ya Moravian, kanisa lililoanza kazi Rungwe mwaka 1891. Sauti ya kwanza na ya pili hupokezana, huku besi ikiwabeba wote bila kupumzika. Kwa Corelli, fidla mbili ndizo sauti hizo za juu. Chini yake ipo kontinuo: chelo hupiga besi, na kinanda hujaza kodi kwa kufuata tarakimu zilizoandikwa kwenye mstari wa besi. Kwa hiyo mistari ni mitatu, lakini wapigaji kwa kawaida ni wanne. Wengi hukosea hapa kwa sababu ya neno "trio".

Mwaka 1685 wanamuziki wa Bologna walimlaumu Corelli kwa kuandika tano sambamba kati ya fidla ya kwanza na besi, katika sonata ya tatu ya kitabu cha pili. Alijibu kwa ukali na hakukubali kuwa amekosea, kwa kuwa aliweza kutoa sababu ya kila noti. Wewe epuka tano sambamba: kwenye chumba cha mtihani hakuna nafasi ya kujitetea.

Corelli alifariki Roma tarehe 8 Januari 1713, akazikwa Pantheon. Kitabu chake cha sita kilitoka 1714, baada ya kifo chake. Vitabu sita, kazi 72: ni chache kwa mtunzi mkubwa, kwa sababu alizirudia na kuzisahihisha sana kabla ya kuzitoa. Nawe usikabidhi karatasi yako kabla ya kuipitia tena.

Maswali
1. Kwa nini trio sonata huhitaji wapigaji wanne?
2. Tofautisha sonata ya kanisani na ya chumbani.
3. Eleza kazi ya kontinuo.