Robert Hooke, mtoto wa kisiwani aliyetuachia krosi ya propela

Ukilala chini ya Land Rover ya zamani utaiona propela, ule mtaimbo mnene unaopeleka nguvu za injini kwenye magurudumu. Katika kila ncha yake pana krosi, chuma kidogo cha umbo la msalaba chenye vikombe vinne vya beringi. Ndiyo inayoiwezesha propela kuzunguka huku imepinda, gari likipanda na kushuka mashimoni. Hapa Munyaka, Eldoret, nilikoletwa na kazi, magari hayo bado yanabeba watu na magunia, na kubadilisha krosi si jambo geni. Vitabu vya ufundi tulivyosomea diploma huiita kwa jina la Robert Hooke. Sijakutana na dereva anayemjua, na leo nataka Wapwani wenzangu mumjue.

Hooke alizaliwa mwaka 1635 katika kisiwa cha Wight, kusini mwa Uingereza. Alikuwa mtoto mgonjwamgonjwa, hivyo alishinda nyumbani akichezea vitu. Aliona saa ya shaba imefunguliwa, naye akajitengenezea ya mbao iliyotembea. Akaunda na jahazi dogo lenye mizinga midogo inayolia. Watoto wa Lamu wanaochonga vijahazi vyao na kuvishindanisha ufukweni wangemtambua mara moja kuwa ni mwenzao.

Baba yake alifariki mwaka 1648, na kijana akaenda London na urithi mdogo. Alisoma, akafika Oxford, na huko akaajiriwa na tajiri msomi, Robert Boyle. Hooke ndiye aliyemuundia pampu ya hewa, lakini kanuni iliyotokana na majaribio yale leo yajulikana kwa jina la Boyle. Mwaka 1662 akawa msimamizi wa majaribio wa Royal Society, chama cha wanasayansi wa London. Kazi yake ilikuwa kuwaandalia mabwana wakubwa majaribio mapya kila walipokutana. Kwa lugha yetu, alikuwa fundi wao.

Fundi huyo hakuwa wa kawaida. Mwaka 1665 alitoa kitabu cha michoro ya vitu alivyovitazama kwa hadubini, kuanzia kiroboto hadi vijumba vya gamba la mti alivyovipa jina ambalo wanabiolojia wanalitumia hadi leo. London ilipoungua mwaka 1666, alikuwa miongoni mwa waliopima viwanja upya. Mwaka 1678 akaeleza kanuni ya springi: mzigo ukizidi maradufu, springi nayo hunyooka maradufu.

Mwaka 1676 ndipo alipoandika kuhusu kiungo chetu. Wazo la awali si lake peke yake. Cardano wa Italia alikuwa ameshaeleza zile pete zinazoiweka dira sawa chomboni hata bahari ikichafuka, na kila nahodha anazijua. Hooke alikitumia kiungo hicho katika vyombo vya kutazamia jua na nyota. Nami namheshimu hasa kwa kuwa hakuficha kasoro yake. Kiungo kimoja kikipinda, upande wa pili hauzunguki sawasawa: katika kila mzunguko huenda mbio mara mbili na kupoa mara mbili. Alionyesha pia dawa yake, kuweka kiungo cha pili kinachosawazisha cha kwanza. Mwaka 1903 Mmarekani Clarence Spicer alipata hataza ya viungo hivi kwa ajili ya magari.

Ndiyo maana fundi mzuri, kabla hajafungua propela, huweka alama kila inapoungana. Akiirudisha uma za ncha mbili zikiwa hazitazamani sawa, gari litatetemeka hata krosi ikiwa mpya kabisa. Kwanza huzuia magurudumu kwa mawe, kisha huishika propela kwa mikono miwili na kuizungusha huku na huku. Ikicheza kwenye krosi, au vumbi jekundu la kutu likionekana kwenye vikombe, krosi imekwisha. Dereva naye huwa ameonywa mapema kwa ule mlio wa chuma anapoachia klachi. Wakati wa kufunga mpya, sindano za beringi zisianguke ndani ya kikombe, krosi icheze laini bila kukwama, kisha ipigwe grisi.

Mawe yale yana sababu. Katika Land Rover hizo za zamani, breki ya mkono hukamata propela ya nyuma wala si magurudumu. Krosi ya nyuma ikikatika, nguvu ya nyuma na breki ya mkono huondoka kwa pamoja. Mtu aliyeegesha kwenye mteremko wa kutoka Iten kwenda Bonde la Kerio, watoto wakiwa ndani, hana budi kulijua hilo.

Hooke hakuzeeka vizuri. Aligombana na Newton akidai sehemu yake katika kanuni ya mvutano, na akashindwa. Alikuwa mkali na mwenye kinyongo, hilo halifichiki. Alifariki mwaka 1703, na mwaka huohuo Newton akawa rais wa Royal Society. Leo hakuna picha ya Hooke inayokubaliwa na wote kuwa ni yake, wala kaburi lake halijulikani lilipo.

Nyumbani Pwani mzazi bado husema mtoto aliyeshindwa masomo apelekwe gereji, kana kwamba gereji ni jaa. Gereji inataka akili, na inataka ukweli wa mtu anayeweza kukwambia wapi kazi ya mikono yake ina udhaifu. Krosi ikifungwa vizuri, anayefika salama hamkumbuki aliyeifunga. Basi ukimpata fundi wa namna hiyo, mjue jina lake, mlipe haki yake kabla jasho lake halijakauka, na mpe mwanao akafunzwe.