Habari za Johann Hinrich Wichern na Watoto wa Horn

Wengi wetu tumeiona kanisani taji ya Majilio yenye mishumaa minne. Lakini si wote wajuao ya kuwa taji ile asili yake ni nyumba ya watoto waliokosa kwao. Basi twapenda kuwaeleza habari za mtu aliyeianzisha, maana kazi aliyowafanyia watoto wale ni kubwa kuliko taji.

Johann Hinrich Wichern alizaliwa Hamburg, katika nchi ya Ujerumani, tarehe 21 Aprili 1808, naye ndiye mkubwa wa watoto saba. Baba yake alifariki mwaka 1823, mwana akiwa na miaka 15 tu. Ikampasa kufundisha watoto wa watu kwa malipo, ili mama yake na wadogo zake wapate chakula. Baadaye marafiki walimchangia fedha, akaenda kusoma elimu ya dini Göttingen na Berlin. Kwa hiyo alijua tangu ujana wake jinsi ilivyo kijana kukosa wa kumtegemea, tena alijua jinsi ilivyo kumpata.

Aliporudi Hamburg alifanya kazi katika shule ya Jumapili ya mtaa wa St. Georg, ambayo walimu wake walikuwa wakienda kuwatazama watoto makwao. Huko vichochoroni aliona jamaa nzima wamesongamana katika chumba kimoja, na watoto wanaoishi kwa kuomba na kuiba. Akatambua ya kuwa kumfundisha mtoto saa chache, kisha kumrudisha kule kule, hakutoshi.

Mwaka 1833 Karl Sieveking, mmoja wa wakubwa wa serikali ya mji, alitoa nyumba ndogo ya kuezekwa kwa nyasi katika kijiji cha Horn, nje ya mji. Iliitwa Rauhes Haus, yaani Nyumba Isiyo Laini, ingawa wengine husema jina hilo latokana na mtu aitwaye Ruge. Wichern akahamia humo pamoja na mama yake, na kabla mwaka haujaisha walikuwamo wavulana 12. Mmoja wao, asiyetimiza bado miaka 12, alijulikana na polisi kwa wizi mara 92.

Watu wa mji walidhani watoto wa namna hiyo hufaa kufungiwa. Wichern alifanya kinyume. Boma la udongo lililoizunguka nyumba lilibomolewa, na wavulana wenyewe ndio waliolibomoa. Tena kila mtoto aliyeingia aliambiwa ya kuwa yote aliyoyatenda zamani amesamehewa, wala hapana mtu atakayemkumbusha. Wako waliotoroka, lakini boma halikujengwa tena.

Idadi ilipoongezeka hakujenga jumba moja kubwa. Alijenga nyumba ndogo ndogo, na watoto wakasaidia kuzijenga. Kila nyumba ilikuwa jamaa ya watoto kumi au kumi na wawili, wakikaa na kijana mmoja aliyeitwa ndugu, aliyekula nao, akalala nao, akalima nao. Vijana hao Wichern aliwafundisha kwa bidii, kwa kuwa alijua mtoto hawezi kulelewa na mlinzi wa zamu. Wasichana walipokelewa tangu 1835, mwaka ule ule Wichern alipomwoa Amanda Böhme. Palikuwa na shamba, useremala, ushonaji wa nguo na viatu, na baadaye kiwanda cha kupiga chapa. Mwaka 1839, watoto walipokuwa wakiuliza kila siku kama Krismasi imefika, alitwaa gurudumu la mkokoteni, akaweka mishumaa midogo myekundu kwa siku za kazi na mikubwa minne myeupe kwa Jumapili.

Lakini kwetu sisi jambo la kutazamwa zaidi ni siku ya kutoka. Mara nyingi yatima hulishwa na kuvikwa vizuri, hata akikua hupewa nguo zake, na mlango ukafungwa nyuma yake. Siku hiyo ndiyo anayopotea, maana mwenzake wa rika lake bado ana baba wa kumrudia. Huko Horn, kijana aliyekwisha kupata kipaimara alitafutiwa fundi wa kumfundisha kazi au nyumba ya kutumika. Hata hapo hakuachwa. Aliandikiwa barua, alitembelewa kwa bwana wake, na siku za sikukuu alikaribishwa nyumbani kama mwana aliyetoka safari. Wengine walianguka, lakini walikuwa na mahali pa kurudi.

Tangu 1857 Wichern alitumika pia katika serikali ya Prussia, akishughulika na magereza, na mwaka 1858 alianzisha Johannesstift huko Berlin. Kazi ya magereza ilimletea wapinzani wengi, nasi twaona ya kuwa mkono wake ulikuwa mwepesi zaidi kati ya watoto kuliko katika ofisi. Kiharusi kilimdhoofisha, akarudi Horn, akafariki tarehe 7 Aprili 1881. Mwaka 1943, wakati wa vita, mabomu yaliteketeza nyumba karibu zote, ikiwamo ile ya nyasi. Zilijengwa upya, na hata leo watoto na vijana hupokelewa hapo.