Herbert Frood, aliyenyamazisha breki za magari

Ukishuka kutoka Bugarama kuelekea Bujumbura, unasikia breki za malori zikilia kwenye kona na harufu ya kuungua ikiingia dirishani. Herbert Frood, Mwingereza aliyezaliwa mwaka 1864, alianza kazi yake kwenye milima pia, huko Derbyshire. Aliona wenye mikokoteni ya farasi wakitumia viatu vikuukuu kwenye breki za mbao ili zishike mteremkoni. Mwaka 1897 akaanza kutengeneza kitu bora kuliko kiatu.

Magari yalipokuja, shida ikawa kelele. Mwaka 1902 Frederick Lanchester alisajili breki ya diski. Pedi zake zilikuwa za shaba, na chuma kikisugua chuma unajua kinavyolia! Mnamo 1907 Frood akaweka asbesto, nyuzi za jiwe lisiloungua. Kelele ikapungua, joto likavumilika. Huenda jina la kampuni yake umelisikia gereji: Ferodo. Ni herufi za Frood zilizopangwa upya, pamoja na E, inayosemekana ni ya mkewe, Elizabeth. Alifariki mwaka 1931.

Dawa hiyo ya kelele ilikuwa na sumu. Vumbi la asbesto likivutwa huharibu mapafu na huweza kuleta saratani miaka mingi baadaye. Nchi nyingi zimeipiga marufuku, lakini kwenye gari kuukuu huwezi kuitambua kwa macho. Kama unajifunza ufundi, usipulize vumbi la breki kwa mdomo wala kwa kompresa. Lifute kwa kitambaa chenye maji, na usirudi kwa watoto na nguo za kazi.